Mzee Rudia Anaweka Rula Chini

Baada ya miaka thelathini na minne ya kulala chini ya magari, fundi mkuu wa karakana yetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwenye faili ana jina lake kamili na namba ya utumishi. Kwetu sisi, kuanzia meneja hadi mlinzi wa getini, ni Mzee Rudia, na sidhani kama ukimwita vinginevyo ataitika.

Mimi ni mtunza stoo. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimegombana naye kuliko mtumishi mwingine yeyote. Kwa miaka ishirini na tisa amekuwa akija dirishani kwangu kutaka beringi ambayo haimo kwenye orodha, mimi namwambia haimo, yeye ananiomba nitazame nyuma ya ile ndoo ya bluu. Mara nyingi ilikuwepo. Sijamsamehe mpaka leo.

Karakana yetu hutunza magari ya kliniki tembezi, yale yanayowapeleka wauguzi na chanjo kwenye vituo vya mbali. Mzee Rudia alijiunga nasi akiwa na miaka ishirini na sita. Wakati huo jina lake lilikuwa Chapuchapu. Kazi ya siku mbili aliimaliza kabla ya chakula cha mchana, kisha akawa anazunguka na kikombe cha chai akiwauliza wenzake wamekwama wapi. Waliofanya naye kazi enzi hizo wanakiri kwamba alikuwa hodari, na kwamba alikuwa hachukuliki.

Sifa zake kubwa zimetokana na difu, lile bonge la chuma lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Ndani yake mna gia, na kutoka kwenye gia hizo hutoka shafti mbili, fimbo nene za chuma zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu, moja kulia na moja kushoto. Magari yetu ni ya zamani. Shafti zake zilipoacha kutengenezwa, mafundi wengi walisema magari hayo yamekufa, yazikwe. Yeye alikataa msiba. Alichukua shafti nene za gari la aina nyingine, akaifungua difu yetu, akabadilisha gia za ndani ili ziyapokee meno ya shafti hizo ngeni, akapanua mdomo wa difu kila upande ili beringi kubwa ikae, kisha akazikata shafti zifikie urefu unaotakiwa. Maneno haya nimeyaandika kwa mstari mmoja. Kazi yenyewe ni ya wiki tatu, na ukikosea kukata, chuma hakirefuki tena.

Mara ya kwanza alikosea.

Ilikuwa mwaka wake wa tatu. Kwenye magari yetu difu haikukaa katikati kabisa, imesogea upande mmoja, kwa hiyo shafti ya kulia na ya kushoto hazilingani. Chapuchapu alijua hivyo, kila fundi anajua. Lakini siku hiyo alipima upande mmoja tu, akazikata zote mbili kwa kipimo hicho, akafunga, akalijaribu gari uwanjani na likaenda vizuri. Shafti moja ilikuwa fupi. Ilishika gia kwa ncha za meno tu. Siku ya sita meno yalikatika mlimani, gari likiwa na dereva, muuguzi mmoja na sanduku la chanjo.

Hakuna aliyeumia. Lakini muuguzi alijitwika sanduku kichwani akatembea kilomita nane kwenye matope, na alipofika kituoni akina mama waliokuwa wamesubiri tangu asubuhi walikuwa wameshaanza kurudi makwao na watoto wao mgongoni. Aliwachanja watoto kumi na mmoja. Walioondoka bila chanjo hakuweza kuwahesabu.

Siku mbili baadaye aliingia karakana, akauliza fundi wa lile gari ni yupi. Akaonyeshwa. Akayaweka mabuti yake ya mvua, na tope lake lote, juu ya meza ya Chapuchapu katikati ya spana, akamwambia neno moja tu: avae. Kisha akaondoka zake na ndala.

Kukosea njia ndiko kujua njia, wahenga walisema, ila wapo wanaokosea njia wakamlaumu dereva. Chapuchapu hakumlaumu mtu. Aliyaosha mabuti yale, akayapanga kwenye rafu juu ya mashine yake ya kukerezea vyuma, na hapo yamekaa miaka thelathini na mmoja. Alijaribu mara mbili kuyarudisha, na mara zote mbili muuguzi aliyakataa.

Tangu wakati huo akaweka sheria yake. Hakati shafti yoyote mpaka mtu mwingine aipime nafasi yake, bila kuona kipimo alichopata yeye. Kila mmoja anaandika namba kwenye karatasi, anaikunja, na karatasi zinafunguliwa pamoja. Zikitofautiana, wanarudia. Na mpimaji wa pili asiwe fundi. Anasema fundi huwa anajua jibu analolitaka, na rula nayo ni mdaku, humwambia mtu anachopenda kusikia. Kwa hiyo alimchagua mtunza stoo, mtu asiyejua lolote. Ndivyo alivyonieleza wiki yangu ya kwanza kazini, na alidhani amenisifu.

Basi nimeinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mimi sikuwa nataka chochote kule mvunguni! Nimelala sakafuni na gauni la kazini, nimepakwa grisi masikioni, nimeitwa katikati ya chakula changu, yote kwa ajili ya kusoma rula na kuambiwa nirudie. Mkewe amenihakikishia kwamba sikuonewa peke yangu, kwani pazia la sebuleni kwao lilipimwa na jirani. Difu arobaini na tatu zimepita kwenye karatasi zetu zilizokunjwa, na hakuna hata moja iliyomwacha muuguzi njiani. Mafundi kutoka karakana nyingine wamekuja kujifunza kwake, na wa mwisho kufunzwa, Dada Grisi, ndiye anayekabidhiwa ufundi mkuu.

Sasa nifike mwezi wa nne mwaka huu. Gari namba saba, ambalo ndilo pekee linaloweza kupanda hadi vituo vitatu vya mlimani, lilivunjika shafti. Tulibakiwa na jozi moja tu ya shafti za kubadilishia, hakuna nyingine popote tulipouliza. Mzee Rudia aliiandaa difu kwa siku kumi na tano. Ikafika siku ya kupima. Akapima, akakunja karatasi. Nikalala chini, nikapima, nikakunja yangu. Upande wa kulia tulilingana. Upande wa kushoto yeye aliandika milimita 682, mimi 692.

Tukarudia. Akapata 682. Nikapata 692.

Sentimita moja. Ukikata kwa kipimo changu na mimi ndiye niliyekosea, shafti inabaki ndefu na utaipunguza kesho. Ukikata kwa chake na yeye ndiye aliyekosea, shafti ya mwisho imekwenda, na vituo vitatu havina chanjo. Mimi mwenyewe nilitamani nimekosea, kwa kuwa nani amewahi kumsahihisha Mzee Rudia? Nikasema labda ni mimi, tumfuate fundi. Akanitazama kwa hasira, akasema sheria ni sheria, akamwita Dada Grisi apime bila kuambiwa kitu. Karatasi yake ilisema 692.

Mzee Rudia akachukua chaki, akaandika ubaoni mbele yetu sote kwamba kosa ni lake, akamkabidhi Dada Grisi rula ili akate yeye. Wiki hiyohiyo alikwenda hospitali akaambiwa ana mtoto wa jicho, na hakuwa akitofautisha nane na tisa. Gari namba saba limepanda mlima kila wiki tangu hapo.

Niliona haya kuyaandika haya kwenye sherehe yake. Nilipomuuliza, alisema nisipoyaandika hataki wasifu wowote. Nampenda mzee huyu, nayaandika.

Habari ilisafiri, kama zinavyosafiri, hadi kwa yule muuguzi, ambaye siku hizi ndiye mkuu wa kliniki tembezi zote. Jumatatu iliyopita alikuja karakana. Hakuuliza mtu. Alivuta ngazi, akapanda, akayashusha mabuti yake kutoka kwenye rafu, akavua viatu vyake vya ofisini na kuyavaa palepale mbele ya Mzee Rudia. Akampa mkono, akatoka nayo miguuni hadi kwenye gari namba saba lililokuwa linamsubiri. Mzee Rudia alijifanya anafuta miwani. Ni miwani ya kuazima, na haikuwa na vumbi.

Mzee wetu, asante kwa kila gari lililofika, na kwa kila mara uliponifanya nirudie. Tunakuombea jicho jipya, magoti yasiyouma na asubuhi ndefu za kunywa chai mpaka mwisho wa kikombe. Tumesikia unataka kumtengenezea mjukuu kitanda. Usikate ubao hata mmoja. Niite, nitakuja na karatasi yangu.