Mfupa wa Ngege

Katika tuktuk ya kwenda Migosi nilikaa kando ya Wahu na Owiti, ambao majina yao niliyajua kwa sababu waliitana kwa hasira. Wahu, nilivyoelewa, huongoza mchezo wa mezani wa mashujaa: yeye hupanga namba ya ugumu wa kila tendo, na mchezaji asipoifikia kwa dadu ya pande ishirini, ameshindwa.

"Shujaa wangu ameua chui watatu," Owiti alisema, "halafu unamuua na mfupa wa samaki, wa ngege? Mjaluo mzima!"

"Kula ngege niliweka kumi na nane. Wewe ukatupa nne."

"Na chui uliweka kumi!"

"Chui hajawahi kunipeleka hospitali. Ngege amenipeleka."

Moyoni nilikubali kwamba hiyo ni sababu.

"Sawa," Owiti akasema. "Sai mathe wangu amepika ngege. Anataka kuona vile wewe, msichana nitaoa, unakula samaki. Hiyo unaweka ngapi?"

Wahu alifikiria mpaka tukapita Kondele. "Kumi na tisa," akasema, akarusha dadu juu ya pochi yake.

Tuktuk ikafunga breki, dadu ikadondoka miguuni pangu. Walikuwa wamefika. Nilimwokotea nikamwambia kila la heri.

Dadu ilikuwa imesimama kwenye mbili.