Sura ya Mama Sindano

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi saa na mshonaji. Alipokuwa sekondari, mwalimu wa hesabu alimwandikia kwenye ripoti: "Anauliza mno." Baba yake alicheka, akaitundika ripoti hiyo dukani.

Alihitimu uuguzi mwaka 1979, akahudumu kliniki ya kisukari kwa miaka thelathini na minane. Wagonjwa walimwita Mama Sindano. Hakuandika neno kwenye kadi ya mgonjwa bila tarehe na sahihi.

Mwaka 1983 aliolewa na fundi aliyekuja kutengeneza friji ya dawa. "Friji ilipona siku ya kwanza," mashemeji walimtania bwana harusi. "Mbona ulirudi wiki nzima?" Walijaliwa mabinti wawili.

Picha aliyopigwa akistaafu, tarehe 30 Juni 2017, binti mkubwa aliiweka mtandaoni kwa fahari. Mwaka 2022 ikaibuka kwenye tangazo la kulipia: Mama Sindano anatabasamu, eti anawashauri watu waache insulini wanywe matone ya chupa. Aliripoti. Kampuni ya mtandao ikajibu: "Tangazo hili halikiuki viwango vyetu." Wiki tatu baadaye fundi viatu, mgonjwa wake wa siku nyingi, alikatwa mguu.

"Sista," alimwambia wodini, "kama si wewe, ningemwamini nani?"

Marehemu alirudi nyumbani, akaripoti tena.

Aliripoti mara arobaini na moja. Jibu halikubadilika. Kila moja alilichapa, akalitia tarehe na sahihi, na jalada zima akalipeleka mahakamani. Wakili wa kampuni alidai wao ni mlango tu, wapitao hawawahusu. "Mlango unaotoza kiingilio una mwenyewe," alisema marehemu. Hukumu ilipangwa Aprili 2025.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2024. Wodini alikolazwa, mama wa kitanda cha pili alimkodolea macho.

"We mama, si ndiye wa yale matone?"

"Lete simu yako, mwanangu."

Akaripoti mara ya arobaini na mbili. Alifariki tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja jioni.

Jibu lilikuja siku mbili baadaye, lilelile. Mama yule alilileta msibani. Mume wa marehemu alilichapa, akalitia tarehe na sahihi yake.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, na fundi viatu, aliyeomba atajwe pamoja na familia.

Yeye apumzike kwa amani. Sura yake bado iko kazini.