Kilichokatwa Baada ya Herufi Nane

Kwenye basi la asubuhi, mbele yangu walikaa mwanamume na mwanamke wenye kompyuta moja mapajani. Ni waandishi wa programu. Nilijua mapema, maana hata salamu hawakupeana.

"Kaka, hapa umepima anwani ya ujumbe badala ya ujumbe wenyewe, kama mtu anayepima anwani badala ya nyumba," mwanamke alisema, kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Anwani inachukua nafasi ya herufi nane tu, nyumba iwe kibanda au ghorofa. Kwa hiyo kila ujumbe unaotoka kitandani kwa mgonjwa kwenda kwa wauguzi unakatwa baada ya herufi ya nane."

"Mbona majaribio yote yalipita?"

"Ulijaribu kwa neno gani?"

"Salama."

Nilihesabu kwa vidole: herufi sita, hazifiki hata nane. Hata mimi muuza vitasa ningefaulu jaribio hilo.

"Sasa mgonjwa akiishiwa pumzi, ujumbe unafika nusu, mtambo unautupa, na kengele hailii. Na umewashwa hospitalini tangu jana!"

"Ni mstari mmoja tu, dada. Nitaurekebisha."

"Umeunakili mstari huo mara kumi na moja! Mtambo uzimwe sasa hivi, wauguzi wazungukie vitanda kwa miguu."

"Na bosi analeta wageni saa nne kuuona! Nimwambie nini?"

"Mwambie ulikosea."

"Mwambie wewe. Si ndiwe uliyeikagua programu ukaipitisha?"

Mwanamke akaifunga kompyuta. Basi likasimama kwenye lango la hospitali. Nikainuka na mfuko wa nguo safi za mama mkwe wangu, aliyelazwa humo.

"Samahani," nikawauliza, "mtambo huo uko wodi gani?"

Wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake ajibu.