Zenon na Kuvu Iliyosahau Kuuma

Marehemu Zenon alizaliwa Chala tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa tatu wa mzee Kalisti na mama Bertilla. Alizaliwa kabla ya siku zake, na tangu hapo hakungoja kitu.

Alisoma shule ya misheni, kisha chuo cha kilimo Tengeru, akamaliza 1957. Aliajiriwa kituo cha utafiti karibu na Sumbawanga kuchunguza kuvu inayoozesha shingo za masuke ya ulezi.

Tarehe 4 Agosti 1962 alimwoa Josefina wa kijiji cha Kate. Arusi ikiendelea, aliondoka mezani kukagua shamba la jirani. Dada za bibi arusi wakamwita, "Shemeji, umeoa dada yetu au ulezi?"

Mwaka 1973 vijiji vya ujamaa vilihitaji mbegu. Zenon aliipulizia miche ya mbegu mpya ya ulezi kuvu aliyoitunza miaka mingi kwenye chupa za uji wa viazi; miche haikuugua. Akaitangaza mbegu hiyo imara, akawaahidi wakwe zake wa Kate magunia yake. Halafu hakutulia. Akaipulizia kuvu ileile kwenye ulezi wa kienyeji, ambao huugua kila mwaka. Nao haukuugua! Akadandia lori hadi mashamba ya Mwimbi, akarudi na masuke yaliyooza. Kwa kuvu hiyo ya shambani, mbegu mpya iliteketea.

Kate matuta yalikuwa tayari. Alikwenda mwenyewe kuzuia magunia ya mbegu. Mkwewe, mzee Alois, akasimama mkutanoni.

"Mkwe, juzi ulituahidi dhahabu. Leo imekuwaje?"

"Shikamoo baba. Mbegu ni ileile. Nilipima uimara wa uzio kwa mbwa kibogoyo: kuvu yangu ya chupani."

"Na meno kayang'oa nani?"

"Mimi. Nimemlisha uji wa viazi miaka mingi, bila kazi. Kasahau kuuma."

Watu walicheka, wakapanda ulezi wao wa zamani, wakavuna cha kula. Mtu anayeisema bidhaa yake ni mbovu kabla mnunuzi hajaonja, sokoni hatujamzoea. Miaka iliyobaki alitafiti jinsi kuvu inavyopoteza ukali wake, akiirudisha kila msimu kwenye ulezi hai isisahau kuuma.

Aliugua ini mwishoni mwa 1977. Daktari alimwamuru alale. Akajibu, "Nikilishwa uji kitandani, nami nitasahau kuuma." Kesho yake alikutwa shambani. Alifariki nyumbani Chala tarehe 9 Juni 1978, viatu vikiwa miguuni.

Ameacha mama yake Bertilla, mjane Josefina, na watoto Cornelia, Adolfu na Kristiana.

Mungu amtulize kwa amani, sisi tulishindwa.