Obadiah Thirkell, Aliyefungwa kwa Shairi la Kondoo

Tarehe 29 Septemba 1731, sikukuu ya Mikaeli Mtakatifu, Obadiah Thirkell anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya kupanga herufi katika kiwanda chetu cha uchapaji, London. Amepanga mahubiri, kalenda, na tangazo moja la dawa ya meno alilolisahihisha kwa ukali hadi mwenye dawa akakimbia.

Lakini hatuwezi kumuaga kwa vicheko tu. Mwaka 1716 Bwana Lionel Astcote, mwenye mashamba makubwa, alituletea shairi lisilo na jina la mtunzi. Ndani yake wachungaji wa kondoo wanalia chini ya mwaloni, wakimngoja bwana wao arudi kutoka ng'ambo. London nzima ilijua bwana huyo ni nani: mwana wa mfalme aliyefukuzwa, na kumtamani arudi kulihesabiwa uhaini. Wiki ya pili baada ya kulichapa, askari wakaingia kiwandani, wakamkabili Obadiah.

"Nani katunga?"

"Mimi napanga herufi, afande. Kutunga sijui."

Obadiah alikaa gerezani miezi mitano. Alisimamishwa sokoni, shingo na mikono imebanwa kwenye ubao, akitupiwa mayai mabovu. Hakumtaja mtu. Mkewe, Tabitha, alipokwenda kwa Astcote kuomba msaada, alijibiwa mlangoni: "Mama, mimi niliandika habari za kondoo. Siasa kaitia mumeo." Aibu iliyoje!

Mwaka jana bwana huyohuyo, sasa ana cheo serikalini, akaja na shairi jingine: wakata nyasi wenye furaha, wanaomshukuru waziri kwa kila tonge. Alitaka lipangwe na Obadiah, eti mkono wake ni safi. Obadiah alilisoma lote.

"Baba yangu alikata nyasi miaka arobaini, bwana, na njaa tuliijua. Nenda kamwombe radhi Tabitha, ndipo nitalipanga."

Astcote akacheka. "Acha utoto, Thirkell."

Bibi Purslow, mwenye kiwanda, akayakusanya makaratasi yale akamtia Astcote mkononi. "Mlango ule pale, bwana." Tulimpoteza mteja mkubwa, na hatujuti hata kidogo.

Asante, Obadiah, kwa kurasa zisizo na kosa, na kwa kuwafundisha askari maana ya kunyamaza. Nendeni salama Hertford, wewe na Tabitha, mkalime maharage yenu kwa afya na raha. Na bwana yeyote akija kuyatungia shairi, mpeni jembe kwanza.