Katekista Renatus na Oili ya Mlima

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana huu. Wewe uliyeko Tlawi kwenye ukungu, wewe wa Dirma nyuma ya ng'ombe, na wewe unayesubiri mgonjwa wako pale hospitali ya Haydom, simu umeiweka sikioni, karibuni. Wazee wangu, shikamooni. Ni mimi Leticia wenu. Leo sina kicheko. Habari ya leo inanitisha, na nikimaliza mtajua kwa nini.

Tunamkumbuka katekista Renatus Tluway. Narudia, Renatus Tluway, mzaliwa wa Tlawi, aliyeishi na kufanya kazi Dirma. Ametutoka mwezi uliopita, njiani kwenda Haydom, akiwa amempakia binti yake Zita kwenye pikipiki. Zita alikuwa na uchungu wa kujifungua.

Wengi mlimjua kwa ile pikipiki. Padri mmoja alimwachia alipohamishwa. Ni zile za zamani, ambazo oili unaichanganya na petroli ndani ya tenki moja, zinatoa moshi wa buluu na kelele ya mashine ya kusaga. Renatus alikuwa mrefu, magoti yanafika karibu na usukani, watoto wanamcheka na yeye anawacheka. Njia nzima anaimba nyimbo za misa. Sauti mbaya jamani, Mungu amrehemu, lakini hakuacha. Na mgonjwa akikosa gari, Renatus ndiye gari.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Mwingine utampa mahindi, mwingine kuku. Renatus watu walimpa oili. Akimaliza kusali, akiaga, mwenye nyumba anakuja na kikopo, anafungua tenki, anamimina kidogo. "Ya mlima, katekista." Yaani injini isichoke kupanda, isinoki ikakwama njiani. Kwa Mzee Gidahosh, kidogo. Kwa Mama Marieta, kidogo. Hakuna aliyemuuliza jirani kama naye ameshaweka.

Oili ikizidi haiungui yote. Inatoka na moshi ikiwa mbichi, nyeusi, nzito. Na ekzosi ya Renatus, lile bomba la moshi, ilikuwa imeliwa na kutu, kipande cha mwisho kimekatika. Kwa hiyo oili haikudondoka barabarani. Ilirukia tairi la nyuma. Narudia: ilirukia tairi la nyuma.

Mke wake Hilda, ambaye sisi tunamwita Mama Hilda, aliona mapema. Nilipokwenda kumpa pole aliniambia hivi: "Naamka nakuta matone meusi uani. Nikigusa tairi, linateleza kama sabuni. Nikawa nalifuta kwa tambara na majivu kila asubuhi kabla hajatoka. Halafu nasikiliza mlio. Ukikatika huko bondeni nasimama tu na mwiko mkononi, mpaka niusikie tena."

Alimwambia mumewe, "Baba Zita, wakatalie." Renatus akamjibu, "Mama Zita, mtu amenipa alichonacho, mimi nifunike tenki mbele yake? Atajua nimemdharau."

Fundi Gerald aliichoma ile ekzosi kwa moto, masizi yakatoka. Akamwambia abadilishe kipande kilichokatika, na asikubali kuongezewa oili. Renatus akasema, "Sawa, fundi." Jumapili hiyohiyo akamiminiwa tena. Ah, huyu mtu! Aliogopa kumuudhi mwenzake kuliko alivyoogopa kufa.

Ikafika asubuhi yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha. Uchungu ukamshika Zita kabla siku zake hazijatimia. Wakapiga simu huku na huku, gari hakuna. Renatus akaitoa pikipiki.

Mama Hilda aliogopa. Watu wawili juu ya injini ile kuukuu! Alimwona mwanawe amekwama katikati ya mlima, anajifungulia kwenye matope. Asubuhi ile hakuchukua tambara, hakuchukua majivu. Alichukua kikopo cha oili, akamimina mwenyewe. Alimimina nyingi. Yeye aliyekuwa akikataza.

Zita ndiye anayejua yaliyofuata. Alinisimulia polepole, mtoto yuko mapajani. "Kupanda tulipanda vizuri. Baba akaniambia, shika koti langu, mwanangu, kazi imekwisha. Tukaanza kushuka. Akakanyaga breki, nikasikia nyuma inakwenda pembeni. Akanyoosha. Ikaenda tena. Alikuwa anaimba, akanyamaza. Hapo nikajua baba anaogopa. Upande wa kulia kuna korongo, kushoto kuna majani. Akasema, 'Zita, nikikuambia achia, achia.' Akailaza kwenye majani. Akasema, 'Achia!' Nikaachia."

Zita aliangukia majani. Pikipiki ikageuka, ikamburuta Renatus mpaka korongoni. Lori la vitunguu saumu likawakuta, likawabeba wote wawili. Renatus alikata roho ndani ya lori, mkono wa binti yake uko kifuani kwake. Zita alijifungua mtoto wa kike, mzima.

Msibani likatokea jambo. Mzee Gidahosh alimfuata Mama Hilda jikoni, kofia mkononi. "Mama, ni mimi. Nilimwekea oili Jumapili." Kesho yake akaja Mama Marieta, hali, hanywi. "Dada, nisamehe, ni mimi." Wakaja na wengine. Kila mmoja peke yake, kila mmoja anaogopa wenzake wasimsikie.

Ndipo Mama Hilda akanipigia simu. "Leticia mwanangu, sema redioni kwamba ni mimi. Taja jina langu. Hao watu wapate usingizi."

Nimesema, Mama Hilda. Jina nimelitaja. Lakini kuna jambo hukunikataza kulisema, na nitalisema. Nilimfuata fundi Gerald. Ameipasua ile ekzosi, akanionyesha. Ndani imejaa ugaga mweusi wa oili iliyoganda mpaka kidole hakipiti. Akaniambia, "Dada, hii si ya asubuhi moja, wala si ya mtu mmoja." Mlimmiminia wote kwa sababu mlimpenda. Mlimmiminia kwa hofu asije akakwama mlimani, na wewe mama ulikuwa na hofu kubwa kuliko wote.

Kwa Mama Hilda, kwa Zita, kwa ukoo wote wa Tluway, na kwa waumini wa Dirma, poleni sana. Mungu amlaze Renatus mahali pema.

Wasikilizaji wapendwa, nawaomba tutafakari. Kabla hujawasha pikipiki yako, inama, tazama nyuma. Ukiona oili kwenye tairi, usipande, na usimpakie mtu. Na mwenzako akikukatalia zawadi yako kwa sababu ya usalama wake, usinune. Mwache afunike tenki lake aende.

Nimebakiwa na neno moja, nalo ni la nyumba moja tu. Zita ameniambia mtoto akilia, bibi yake anatoka nje. Mpaka leo hajamshika. Anasema anaogopa mikono yake. Mama Hilda, shikamoo. Najua unanisikiliza. Ingia ndani, umpokee Zita huyo mtoto.