Mama Qabale na Kompyuta Isiyotaka Kuguswa

Mnamo tarehe 28 Juni 2024, baada ya miaka thelathini na miwili kazini, Bi. Qabale Halake anastaafu akiwa mchoraji ramani mkuu wa ofisi yetu hapa Isiolo. Hongera, Mama Qabale! Ofisi nzima imevaa vizuri leo kwa ajili yako.

Alianza kwa kalamu ya wino na rula. Ugatuzi ulipokuja tuligawiwa kompyuta iliyokwisha kutumika, akaitia Linux, mfumo endeshi usiolipiwa, na ramani zikaanza kutoka kwa kasi iliyotuacha midomo wazi. Shida ilikuwa kadi ya picha, kifaa cha ndani kinachopeleka picha kwenye skrini. Waliotengeneza kadi hiyo walikuwa wameacha kuitolea draiva mpya, yaani programu ya kuiendesha, na draiva ya zamani ilielewana na Linux ya zamani tu.

Basi Mama akaishi nayo. Skrini ikilala haiamki, kwa hiyo akaizuia kulala. Ilikataa katakata skrini ya pili, naye akabandika ramani ya karatasi ukutani, akawaambia wageni bila hata kutabasamu kwamba ndiyo skrini ya pili. Juu ya mashine akagandisha onyo: "Hii kitu iko sawa vile iko. Usiapdeti."

Mwaka 2017 wazee wa Ngaremara walikuja kukagua ramani ya njia ya mifugo ya kwenda sokoni. Kesho yake ua ungeanza kujengwa kwa kuifuata ramani hiyo, na kosa lolote lingewafungia njia. Saa tatu asubuhi skrini ikawa nyeusi tii. Mtu alikuwa ameapdeti, akaingiza Linux mpya! Mama alivuta kiti, akaandika amri moja baada ya nyingine akiirudisha Linux ya zamani, huku akiwaomba wazee radhi kwa Kiturkana chake cha kuokoteza, nao wakicheka. Saa sita ramani ikatokea. Mzee mmoja akaweka kidole kwenye kioo: mstari ulikuwa umekosa kivuko cha laga, ule mto wa msimu. Ukarekebishwa palepale, na tukapiga makofi mpaka majirani wakaja kuchungulia. Mifugo inapita hapo hadi leo.

Mkurugenzi alitaka kujua nani aliwachelewesha wazee. Mama alijibu kwamba kompyuta iko chini yake. Akapewa barua ya onyo, ya pekee katika faili lake lote.

Mkurugenzi, aliyeapdeti siku ile ni mimi. Nilitaka kumwonyesha Mama kwamba hata mimi najua kompyuta. Yeye alijua tangu asubuhi ile, kwa kuwa mashine iliandika jina langu, na kwa miaka saba hajanigusia hata kwa utani. Nimeona haya muda mrefu. Naomba, mbele ya wote waliopo, barua ile itolewe kwenye faili lake leo na kuwekwa kwenye langu.

Asante kwa kila ramani, Mama, na unisamehe. Mungu akujalie afya na miaka mingi ya raha, na ustaafu ukiwa na faili safi.

Kobia, Chumba cha Ramani